Kuku Waliopiga Hodi Nyumba ya Eda

Kilichomsuta Mize Vuai baadaye kuliko vyote ni kwamba alicheka. Ussi alipomwita kituoni asubuhi ile kumwonyesha jinsi wageni walivyoongezeka, Mize alicheka kwa furaha ya dhati, akampiga begani, akasema sasa hata wao wana haki ya kunywa chai ya maziwa kazini. Ndipo alipokumbuka kuuliza wageni wote hao wanataka kuona nini.

"Nyumba moja tu," Ussi alisema. "Wanaiita nyumba ya mama anayelia."

Kituo kilikuwa darasa la zamani la skuli ya Uvumba, lenye ubao mweusi uliosahaulika ukutani na mashine zilizovuma mfululizo pale walipokaa zamani watoto wa darasa la tatu. Ussi Shaame ndiye aliyepanga safari za kuku, kazi aliyoifanya kwa moyo mmoja na kwa majivuno kidogo. Kila mgeni aliyetaka kutembelea kisiwa alipitia kwake, na yeye ndiye aliyempa kuku wa kumvaa.

Hawa kuku hawakuwa wa kutaga. Zilikuwa mashine za miguu miwili, kimo chake jogoo, na Mize alizibuni mwenyewe akazipa jina zuri la kitaalamu ambalo leo halikumbukwi na mtu. Watu wa Uvumba waliziona siku ya kwanza zikijongea vichochoroni, shingo mbele shingo nyuma, wakaziita kuku wa Mize, na jina likaganda. Ndani ya kila kuku alikuwamo mtu aliyekaa kwake ng'ambo, Busan au Tampere, akiona kwa macho ya kuku, akisikia kwa masikio yake, akisema kwa lugha yake na kuku akiyageuza maneno kuwa Kiswahili. Wageni wa miguu walikomeshwa tangu visima vilipoingia chumvi, maana walikuwa wakioga asubuhi, mchana na jioni kana kwamba maji yanachotwa mbinguni. Wageni wa kuku hawakunywa hata kikombe kimoja, na walicholipa ndicho kilichoendesha mtambo wa kuyafanya maji ya bahari yanyweke.

Tena walikuwa na adabu, na hapo ndipo Mize alipokuwa akitembea kifua mbele. Kuku hakuingia ua wa mtu bila kupiga hodi, na hakuvuka mlango mpaka asikie karibu kwa sauti ya mtu wa nyumba ile ile, sauti ambayo mtambo wa kituoni uliijua. Mize alikuwa ameyaeleza hayo katika mikutano ya bara, na watu walisimama kumpigia makofi. Aliwaambia kwamba ustaarabu wa kisiwa kidogo umeingia ndani ya mtandao, na aliamini kila neno.

"Hebu nionyeshe," alimwambia Ussi.

Ussi akafungua kumbukizi. Mgeni kila aondokapo Uvumba huchukua kumbukizi, yaani yote aliyoyaona na kuyasikia katika ziara yake, na huweza kuwaonyesha wengine. Hii ilianza mlangoni. Kuku alipiga hodi, na sauti ya ajuza ikaitika kutoka ukumbini: "Karibu, karibu mwanangu, pita ndani." Kuku akapita. Akafika chumba cha ndani, akakunja miguu pembeni kwa utulivu, kwa sababu Mize alikuwa amewafundisha kuku wake wasiwakatize watu wanapozungumza.

Kazija alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwa mlango, kichwa wazi. Mapajani alikuwa na kofia ya marehemu mumewe, Machano, aliyezikwa mwezi uliopita. Alikuwa akisema na kofia ile.

"Uliniita," alisema. "Uliniomba maji. Nilikuwa macho, Machano. Nilikusikia nikajitia hamnazo, kwa ajili ya yale maneno yetu ya juzi. Nilisema moyoni, na angoje, ajue na mimi nina hasira. Ukaita tena. Nikajifunika shuka. Nilipoinuka ulikuwa umeshakwenda zako. Nitamwambia nini mama yako, na kila siku ananiombea dua kwa vile nilivyokuuguza?"

Kisha akalia. Alilia kilio cha mtu anayejua hasikilizwi, na chini ya picha maneno yake yalikuwa yameshatafsiriwa kwa kila lugha yenye watu wa kuyasoma.

Mize hakumwambia Ussi azime. Aliangalia mpaka mwisho, machozi yakamtoka, na kwa muda mfupi sana, Mungu amsamehe, alifikiri kwamba ni kitu kizuri. Aliona kwa nini watu wa nchi za mbali walikipenda. Halafu akamwomba Ussi arudishe mwanzo, na pale kuku alipokuwa bado amesimama nje, akaliona kuti.

Lilikuwa kuti bichi la mnazi, limelazwa kwenye kizingiti. Uvumba nzima inajua maana yake. Ndani mna mke anayekaa eda, na mwanamume hapigi hodi hapo mpaka eda iishe. Mwanamke akija huingia kimya, bila kuita. Hodi ya Uvumba haikataliwi. Hakuna mtu wa kisiwa kile aliyewahi kumwambia aliyebisha kwamba asiingie, awe mgonjwa, awe na njaa, awe amegombana naye jana. Ndiyo maana wazee waliweka kuti, ili mwenye nyumba asifikishwe mahali pa kukataa. Mize aliyajua haya tangu hajajua kusoma. Alikuwa amewafundisha kuku hodi na karibu, kukung'uta vumbi miguuni, hata kutopita mbele ya mtu anayesali. Kuti halikumjia akilini hata siku moja, kwa kuwa hakukumbuka kama aliwahi kufundishwa. Mtu wa Uvumba akiliona kuti miguu yake hugeuka yenyewe.

"Yule mgeni alikuwa mwanamume," alisema.

"Mwanamume," Ussi aliitika polepole. Na yeye sasa alikuwa ameliona. "Da Mize, miye nilijua watu wameguswa tu. Nimeshawakubalia kundi zima. Watakuja baada ya alasiri, wataingia kumpa pole."

"Kumpa pole ya nini?"

Ussi akapunguza sauti. "Ya kwamba hakuitika alipoitwa. Wanataka kumwambia kuwa hana kosa."

Kwa Kiswahili, Mize aliwaza. Kwa sauti kubwa na safi ya kuku, ukumbini, mbele ya Bi Msimu, ajuza yule aliyemzaa Machano.

"Lifute hilo kundi."

"Nalifuta. Lakini wapo wa kesho, na kumbukizi yenyewe inatembea. Watoto wetu walioko ng'ambo hawajaiona bado, wataiona. Na wakiiona hao, usiku huo huo imeshafika hapa. Hatuwezi kuitoa hii moja?"

Mize hakuweza, na sababu alikuwa ameitunga mwenyewe. Kumbukizi zilitapakaa duniani kote, lakini kila inapotaka kufunguka huomba ruhusa kwa ufunguo uliokaa pale kituoni. Ufunguo huo ni mmoja. Siku za mwanzo wataalamu wa bara walimshauri kila nyumba iwe na wake, na Mize akakataa kwa hotuba ndefu. Alisema kisiwa ni kimoja, kwamba nyumba moja isije ikajiuza kuliko jirani yake. Watu walimshangilia. Sasa ufunguo ukivunjwa kumbukizi ya Kazija ingekufa, na pamoja nayo zingekufa zote tangu kuku wa kwanza alipotoka, na kuku wenyewe wangesimama hapo walipo.

Na zote, karibu kila moja, zilikuwa na Machano ndani. Machano ndiye aliyekuwa mpokezi wa wageni. Aliwatembeza kuku mikokoni akiwachekesha, akiwafokea wanaokanyaga miche, akiwaimbia. Hakupenda kupigwa picha na hakuacha hata moja. Sauti yake na uso wake ulimwenguni vilikuwa ndani ya kumbukizi tu.

*

Bi Msimu alikuwa ukumbini, macho yake meupe yameelekea mlangoni, redio ndogo sikioni. Mize alivuka kuti lililokwisha kukauka, akaingia bila kuita. Alikuwa ameshampa bibi shikamoo na kukaa kitako ndipo alipotambua redio inasema nini. Machano alikuwa ndani yake, akimweleza mgeni fulani kwa nini kaa hutembea upande.

"Ussi aliniwekea hii," bibi alisema. "Mwanangu anasema nami kila siku. Akimaliza ya kaa anakuja ya mikoko, halafu ile aliyomcheka Mzungu aliyeanguka topeni. Mungu akubariki, Mize. Wengine wakifiwa hawabaki na kitu."

"Amin, bibi," Mize alisema, akaona haya mpaka masikio yakamchoma.

Kazija alikuwa chumbani, amevaa nguo ya eda, anakunja kanga ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Walikuwa wamecheza pamoja utotoni, Kazija akiwa mkubwa, na mara nyingi ndiye aliyembeba Mize mgongoni. Mize aliufunga mlango wa chumba, akasogea karibu, akamwambia yote kwa sauti ya chini. Hakupunguza. Alimwambia kuku aliingia vipi, alikaa wapi, alisikia nini, na watu wengi kiasi gani wameshasikia. Alimwambia ni kosa lake.

Kazija aliendelea kukunja. Baadaye mikono ilisimama.

"Na weye umeona?"

"Nimeona."

"Ukaangalia mpaka mwisho?"

Mize alitamani sana kusema uongo. "Mpaka mwisho, dada."

"Nilikuwa kichwa wazi," Kazija alisema, kana kwamba hilo ndilo kubwa, na labda kwa wakati ule lilikuwa ndilo. Alijitandia kanga kichwani, wakiwa wao wawili tu chumbani. "Wanasemaje hao watu?"

"Wanakupenda. Wanalia. Wanasema huna kosa."

"Wamejuaje?"

Mize akaeleza habari ya ufunguo, kwa maneno mepesi. Kwamba anaweza kuizima ile kumbukizi leo hii isiendelee, lakini itabidi azizime zote. Kwamba kuku watasimama, na maji yatakuwa ya mgao mpaka ipatikane njia nyingine. Kwamba sauti ya Machano itakwenda, ile ya redioni na nyingine zote, na haitarudi.

"Kwa hiyo nimekuja kukuuliza," alisema. "Ukisema niache, nitaacha. Ukisema nizime, nitazima. Uamuzi ni wako, dada Kazija."

Alikuwa ameyapanga maneno hayo njia nzima, na aliyaona ya heshima. Kazija alimtazama, na uso wake, uliokuwa mpole kwa huzuni, ukawa mgumu.

"Wangu?" alisema. "Nikikwambia acha, basi ni miye niliyekubali kuangaliwa. Nikikwambia zima, basi ni miye niliyemnyang'anya yule mama sauti ya mwanawe, kana kwamba kumyima maji huyo mwanawe hakukutosha. Umenijia na mambo mawili, yote mabaya, na unataka nichague moja ili ukatembee umepata ruhusa. Ndivyo ulivyowafundisha kuku wako, Mize? Kumbishia mtu hodi ambayo hawezi kuikataa?"

"Sikukusudia hivyo."

"Najua hukukusudia. Hata siku ile kuku alipoingia hukukusudia." Kazija akarudi kwenye kanga zake. "Weye ndiye uliyewaita. Nenda kafanye utakalofanya, ulibebe mwenyewe. Usiniulize miye."

Mize alitoka. Ukumbini Machano alikuwa amefika kwenye mikoko, na Bi Msimu alikuwa akitabasamu kabla ya mahali pa kuchekesha, kwa kuwa alishapajua.

*

Alitembea kwenda kituoni kwa njia ndefu ya nyuma ya msikiti, na njiani alijaribu kujitetea. Alisema moyoni kwamba maji ni ya watu wote na aibu ni ya mtu mmoja. Hoja hiyo ilikuwa nzito, na kama mtu mwingine angeitoa mbele ya baraza la kisiwa, Mize angeikubali. Alisema pia kwamba ajuza kipofu asinyang'anywe furaha yake ya mwisho. Hiyo nayo ilikuwa nzito. Kilichomshinda ni kwamba hoja zote mbili zilimfaa yeye. Kwa kila moja kuku wake wangeendelea kutembea na watu wangeendelea kumpigia makofi, huku Kazija akilipia.

Ussi alimwona usoni, akasimama.

"Usifanye," alisema. "Da Mize, tungoje baraza likae. Tuwaulize wazee."

"Tuwaulize nini? Tutawaambia sababu gani? Nikiwaeleza wazee alichosema Kazija, nitakuwa nimefanya walichofanya kuku."

"Basi sema mtambo wa kuku umeharibika."

Wazo hilo lilikuwa tamu, na Mize alilionja kidogo kabla ya kulitema. "Nitasema nimeuzima mimi. Sababu sitaisema."

"Watakufukuza kazi."

"Na wafukuze."

"Walau tunakili sauti ya Machano kwanza. Kidogo tu, ya yule bibi. Ile ya mikoko."

Mize alikaa mbele ya mashine. Hili ndilo lililomtesa kuliko maji, kuliko kazi. Lakini ndani ya mtandao wa Uvumba hakuna kinachonakilika bila ufunguo, na chombo kingine kikijaribu kurekodi hupata mvumo mtupu. Kipande cha mikoko kingedai ufunguo ubaki mzima, na ukibaki mzima, kumbukizi ya Kazija nayo ingebaki hai. Alikuwa ameujenga vizuri mno. Alimweleza Ussi, na Ussi, ambaye alimpenda Machano kama kaka yake, akageukia ubao mweusi, asimtazame tena.

Ufunguo ulihitaji kiganja cha Mize na jina lake kwa sauti. Mtambo ukamuuliza kama ana hakika. Swali hilo aliliandika yeye mwenyewe miaka ile, kwa haraka, na hakudhani kuna siku litamtetemesha. Akasema ana hakika, ingawa hakuwa nayo.

Uvumaji ukakatika. Dirishani, kwenye njia ya mchanga, kuku waliokuwa wakipita walisimama, wengine mguu mmoja juu. Mtoto akamgusa mmoja kwa fimbo, kuku akaanguka ubavu.

*

Watu walianza kukusanyika kituoni kabla ya alasiri. Mize aliwaambia kwa ufupi kwamba ameuvunja ufunguo kwa mkono wake, kwamba kosa lilikuwa lake tangu mwanzo, na kwamba kosa lenyewe hatalitaja. Walimwuliza kwa upole, kisha kwa ukali. Mtu mmoja alimwuliza wanawe watakunywa nini, na Mize akamwambia hajui. Hakuna aliyemtukana. Angependa watukane, kwa maana angejua hasira yao inaishia wapi. Walipokwenda kwa sheha kuitisha baraza, yeye alielekea nyumba ya Kazija. Hakuwa na la kumwambia, ila aliona si haki bibi yule alisikie hili kwa wapita njia.

Bi Msimu alikuwa pale pale. Redio ilikuwa mapajani sasa, na kidole chake kilikuwa kikibonyeza kitufe, kikingoja, kikibonyeza tena.

"Nani huyo? Mize? Afadhali umekuja, mwanangu. Hii imenyamaza ghafla. Alikuwa katikati ya maneno. Hebu nitazamie, labda ni betri."

Mize alipiga magoti mbele yake, akaichukua redio, akaishika tu. "Si betri, bibi. Nimeizima mimi."

"Basi iwashe."

"Haiwashiki tena. Sauti ya Machano imekwenda. Zote zimekwenda. Nimezifuta mimi, kwa makusudi."

Uso wa ajuza ulimtafuta Mize mahali alipokuwa, ukakosea kidogo, ukaangalia juu ya bega lake.

"Nilikukosea nini?" aliuliza.

"Hukunikosea, bibi."

"Machano alikukosea?"

"Hapana. Wallahi hapana."

"Basi kwa nini? Niambie nielewe. Mtu hafanyi jambo kama hili bure."

Mize alifungua kinywa. Angeweza kutunga sababu, hata nzuri, na bibi angeiamini kwa kuwa alimwamini siku zote. Angeweza kusema kweli pia, akaushusha mzigo, akausukumia chumba cha pili. Badala yake aliweka paji lake la uso kwenye goti la Bi Msimu, akaomba radhi, na mkono wa bibi, ambao siku nyingine ungemshika kichwa, ukabaki juu ya mkeka.

"Siwezi," bibi alisema taratibu. "Mungu anisamehe, lakini hili siwezi kukusamehe bila kujua."

Mlango wa chumba ukafunguka. Kazija alisimama kizingitini, amejitanda, na ilionekana alikuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote. Hakumtazama Mize.

"Mwache, mama," alisema. "Amefanya kwa ajili yangu. Kuna jambo la ile siku ya Machano sijakwambia."

"La siku gani?"

"Ile siku. Nitakwambia yote. Naja nikae karibu yako."

Mize alimtazama, akataka kumwambia asiseme, kwamba hakuna haja tena, kwamba hakuna atakayejua sasa. Kisha akaelewa kuwa hilo nalo si lake. Kazija alikuwa ameshakaa, ameuchukua mkono wa mkwewe kwa mikono miwili, na midomo yake ilikuwa ikitafuta neno la kwanza.

Mize aliinuka, akatoka upesi, akauvuta mlango wa nje nyuma yake. Hata hivyo alisikia Kazija akianza, "Mama, aliniita," na akaziba masikio, akatembea hivyo, mikono kichwani, akiwapita kuku waliokufa njiani, mpaka alipokuwa mbali vya kutosha.